Kumi Bora za Mieleka: Japani, Mexico na Mabishano ya Birmingham

Tuwekeane sharti kwanza. Hapa haingii mtu kwa kuruka juu kuliko wenzake wala kwa kuvunja meza nyingi. Pambano linaingia kama kuna aliyeweka rehani kitu ambacho akishindwa hakirudi: barakoa, nywele, jina, mkono. Wamexico wana utaratibu wao wa siku nyingi. Mnaandikiana mapema, barakoa kwa barakoa au nywele kwa nywele, na anayeshindwa analipa palepale ulingoni, watu wakiona. Wajapani huweka rehani cheo na heshima, na malipo huyatoa shingoni.

Watu wa rika langu hapa Birmingham, ukitaja mieleka tu, wanakupeleka ukumbi wa NEC, tarehe 20 Septemba 1997, Shawn Michaels alipomnyang'anya British Bulldog mkanda wa Ulaya mbele ya Waingereza wenzake. Iliuma, nakubali. Lakini leo Wamarekani wakae benchi.

Na yule wa kinyozini Coventry Road anayependa kuniuliza "si wanaigiza hao?" nimjibu kabisa, tusonge. Ndiyo, mshindi hupangwa. Taarab nayo hupangwa, na bado watu huinuka kutunza. Kuanguka hakupangwi. Mitsuharu Misawa, ambaye tutamkuta juu huko, alifariki Juni 2009 baada ya kubwagwa kwa kisogo ulingoni Hiroshima. Tuanze kuhesabu.

10. Antonio Inoki na Idi Amin, Kampala, Juni 1979

Halikupigwa. Nimeliweka hivyohivyo, na asiyetaka arukie namba 9.

Mwanzoni mwa 1979 Wajapani walitangaza kwamba Inoki, mwasisi wa New Japan Pro-Wrestling, angepanda ulingoni na Rais wa Uganda, aliyewahi kuwa mwanandondi jeshini, na mwamuzi angekuwa Muhammad Ali. Hebu mpigie picha Amin yuko chali Kampala, askari wake wamejaa uwanjani, na mtu anatakiwa apige mkono chini ahesabu moja, mbili, tatu. Duniani kote ni Ali peke yake angeifika hiyo tatu.

Basi tarehe 11 Aprili wanajeshi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda wakaingia Kampala, bwana mkubwa akawa ameshapita mlango wa nyuma. Kwenye daftari langu imeandikwa: mshindi JWTZ, mpinzani kakimbia ulingo. Katika jiji hili zipo familia za Waasia waliofukuzwa na Amin mwaka 1972, na naamini kiti cha mbele kingewagombanisha, ili tu wamwone Inoki akiukunja ule mkono. Uganda yenyewe haijakata tamaa: pale Mukono vijana wa Soft Ground Wrestling wanabwagana kwenye ulingo wa tope, na video zao zimezunguka dunia. Tope halina springi, ndugu zangu. Waheshimuni.

9. Antonio Inoki na Akram Pahalwan, Karachi, 12 Desemba 1976

Mkono wa Amin ulipona. Wa Akram haukupona.

Miezi sita kabla, Inoki alikuwa Budokan, Tokyo, amelala chali raundi 15 akimpiga Ali mateke ya miguuni hadi wakatoka sare. Karachi hakulala. Akram alitoka kwenye ukoo wa Bholu, ukoo mkubwa wa mieleka Pakistani, na pambano lililoanza kama mchezo likageuka ugomvi wa kweli. Inoki akaubana mkono. Akram akakataa kusalimu amri. Inoki akaongeza. Mkono ukaenda.

Jaribu kutaja jina la Inoki kwenye duka la mboga Stratford Road, kwa mzee wa Kipakistani mwenye umri wa kutosha. Ulikwenda kununua bamia? Sahau bamia. Utasimuliwa Karachi, kisha Lahore, Juni 1979, mpwa wa Akram, Zubair Jhara, alipokwenda raundi hadi raundi na Inoki, na mwisho Inoki mwenyewe akauinua mkono wa kijana juu. Mtu kavunja mkono wa ami yako, halafu anauinua wa kwako kwa heshima! Ndiyo maana wazee wa Sparkhill wanamtaja kama mgeni wao. Na Pete Dunne, mzaliwa wa hapahapa Birmingham aliyejipatia jina kwa kukunja vidole vya watu kimoja kimoja, anafanya kazi kwenye duka alilofungua Inoki.

8. Kendo Nagasaki: Solihull 1975, Wolverhampton 1977

Mtasema hii si Japani wala Mexico. Mimi nasema ni zote mbili, tena kwa nauli ya hapa mjini: Solihull unapanda treni Moor Street, Wolverhampton unafika kwa tramu.

Kendo Nagasaki alikuwa na jina la Kijapani, upanga wa kisamurai na barakoa ambayo Mmexico yeyote angeipigia saluti. Mwenyewe ni Mwingereza mtupu, Peter Thornley. Ulingoni hakufungua kinywa, maneno yote alimwachia meneja wake. Desemba 1975 pale Solihull, televisheni ikirusha, Big Daddy akaing'oa ile barakoa kwa nguvu. Na hapo ndipo ninapomlaumu Big Daddy hadi leo. Barakoa haiibwi! Barakoa hushindaniwa kwa maandishi, ikishindwa inavuliwa kwa heshima. Mexico ukimvua mtu barakoa katikati ya pambano unahesabiwa umeshindwa, na vizuri sana.

Nagasaki akafanya alivyostahili. Desemba 1977, Wolverhampton Civic Hall, akaivua mwenyewe kwa sherehe kamili, mbele ya kamera: kichwa kimenyolewa, tatuu utosini, macho mekundu yanayotazama bila kupepesa. Waingereza waliozoea wanamieleka wenye vitambi na kaptula nyeusi wakatulia tuli. Peter Blake, mchoraji maarufu, baadaye alimchora picha. Sidhani kama Big Daddy alichorwa.

7. Kazuchika Okada na Kenny Omega, Tokyo Dome, 4 Januari 2017

Tupeni mawe, nimesimama. Dakika karibu 47, na Dave Meltzer, mkosoaji maarufu wa Kimarekani, akalipa nyota 6 kwenye kipimo cha nyota 5. Sita juu ya tano! Ni pambano zuri, zuri sana, na Omega alipotupwa juu ya kamba akapitiliza hadi kwenye meza nje niliruka kwenye kochi. Lakini kilichokuwa rehani ni mkanda, na mkanda hurudi. Mwaka uliofuata Omega akauchukua, mambo yakaisha. Okada ninampa alama za ziada kwa kuwa kazi aliijifunza akiwa kijana mdogo Mexico, kwenye shule ya Último Dragón. Alama hizo ndizo zilizomnusuru namba 8.

6. Tiger Mask na Dynamite Kid, Kuramae Kokugikan, Tokyo, 23 Aprili 1981

Sasa tumefika nyumbani, kwa njia ya kuzunguka.

Satoru Sayama alikuwa mdogo wa umbo, na Japani ya enzi ile ilitaka majitu. Akapelekwa Mexico, akachukua ubingwa huko. Kisha akaja Uingereza. Hapa wakamwita Sammy Lee, wakamvika suti ya njano na kuwaambia watu kwamba ni ndugu yake Bruce Lee. Watu wakaamini kwa sababu mateke yake yaliaminika. Jumamosi saa kumi jioni, ITV, nchi nzima inamtazama kijana wa Kijapani mwenye jina la kupachikwa. Sisi wa ugenini tunamjua huyo mtu. Kazi unaifanya wewe, jina wanakuchagulia wao.

Halafu Tokyo wakamwita ghafla, wakampa jina la tatu. Safari hii la chui milia wa katuni: Tiger Mask, kutoka kwenye hadithi ya Ikki Kajiwara iliyokuwa ikipendwa na watoto. Barakoa ilishonwa harakaharaka, ikaonekana hivyo, na watu wazima ukumbini wakaanza kucheka. Mbele yake kasimama Dynamite Kid, Mwingereza wa Golborne, mwenye mwili mfupi uliokaza na hasira ya kutosha wanaume wanne.

Kicheko hakikufika dakika ya pili. Sayama alikuwa anageuka hewani kama mtu aliyesahau kwamba ardhi ipo, na Dynamite, hili watu hawalisemi vya kutosha, alikuwa akianguka kwa namna ya kufanya kila teke lionekane la kuua. Hazikutimia dakika kumi. Sayama akamkumbatia kiunoni kwa nyuma, akajikunja daraja, mabega ya Dynamite yakagota chini: moja, mbili, tatu. Mieleka ya watu wepesi duniani ilianza upya usiku ule, na aliyelipia ni Dynamite. Miaka yake ya mwisho aliishi kwenye kiti cha magurudumu, na Desemba 2018 akafariki. Anayemsifu Tiger Mask bila kumtaja Dynamite Kid asinipe mkono.

5. El Hijo del Santo na Octagón dhidi ya Eddie Guerrero na Art Barr, Los Angeles, 6 Novemba 1994

Barakoa mbili upande huu, nywele za watu wawili upande ule. Anayelijua pambano hili ameshatabasamu.

Sikilizeni ukoo ulivyopangika. Mzee El Santo, yule wa barakoa ya fedha aliyezikwa nayo mwaka 1984, alikuwa na mwenzake wa kupigana pamoja, Gory Guerrero. Waliitwa La Pareja Atómica. Sasa ukumbini Los Angeles, mbele ya maelfu ya wahamiaji wa Kimexico, mwana wa Santo upande mmoja na mwana wa Gory upande wa pili, tena amejiunga na Mmarekani na kujiita mzungu kichaa! Usaliti wa urithi huo. Watu walitaka kumla Eddie mzimamzima, naye alikuwa anawachekea. Nywele zikaondoka, zote mbili, na ukumbi ukaimba.

Siku 17 baadaye Art Barr alikutwa amekufa, na miaka 28 alikuwa bado hajazidi. Ule mruko wa chura kutoka juu ya kamba Eddie akaubeba kwa kumbukumbu yake hadi Marekani, na watoto wanaouiga kwenye makochi ya Small Heath wanadhani ni wa Eddie.

4. Jushin Thunder Liger na The Great Sasuke, Ryogoku, Tokyo, 16 Aprili 1994

Kwa ajili ya kofi moja.

Liger naye ni wa njia ileile. Walimkataa kwa ufupi wake, akaenda Mexico kujifunza, baadaye akaletwa Uingereza akaitwa Fuji Yamada, akapokea kipigo cha haki kutoka kwa Rollerball Rocco. Kufikia 1994 alikuwa mwenyeji wa mashindano ya Super J-Cup, bingwa mwenye pembe na suti nyekundu. Sasuke kaja kutoka kundi dogo la mikoani kaskazini.

Nusu fainali. Sasuke anaruka juu ya kamba ajirushe, mguu unateleza, anaporomoka vibaya kabisa. Ukumbi mzima "aaah". Na Liger, badala ya kummaliza, anasimama mbele yake na kumpigia makofi. Makofi! Kwa dhihaka. Sasuke akanyanyuka, akamrukia shingoni kwa miguu, akambiringisha, mabega chini, tatu. Huyo kaondoka. Tangu siku hiyo nikiona mtu anamchekea aliyeteleza namwambia: kawaulize Ryogoku. Mpaka leo watu hubishana kama kule kuteleza kulikuwa ajali. Ajali au mpango, bwana mkubwa aliondoka na kiburi chake mkononi, na hicho kwangu kinahesabika kuwa rehani.

3. Chigusa Nagayo na Dump Matsumoto, Osaka, 28 Agosti 1985

Nimesikia wanaume wakisema mieleka ya wanawake ni ya kujazia muda. Wakae hapa mbele, karibu na kamba.

Chigusa na mwenzake Lioness Asuka waliitwa Crush Gals. Walipigana, waliimba, walionekana kwenye televisheni kila siku, na wasichana wa shule wa Japani walikuwa wanawapenda kuliko mvulana yeyote wa darasani. Dump alikuwa adui wa wasichana hao wote kwa mkupuo: uso umepakwa rangi, mnyororo mkononi, fimbo ya kendo, na mwamuzi aliyekuwa mfukoni mwake. Nywele kwa nywele.

Chigusa alivuja damu hadi usoni hapaonekani. Akashindwa. Na hapo mnadhani wangekata televisheni? Walimkalisha kitini, na Dump akashika mashine. Angalieni watazamaji, msiangalie ulingo: wasichana wa miaka 13, 14, wamevaa fulana zenye picha yake, wanalia hadi wanashikiliana, wengine wanapiga kelele wakimwomba Dump aache. Haachi. Nywele zinaanguka fungu kwa fungu. Chigusa hainamishi kichwa mwenyewe, wanamwinamisha.

Nimeshawahi kumwonyesha dada mmoja wa Mombasa tunayefanya kazi pamoja, mtu asiyejali mieleka hata kidogo. Alisimama akasema, "Huyo mnene nimkute mimi!" Miaka 39 ilikuwa imepita tangu Osaka, na Dump bado anatafutiwa ugomvi mtaa wa Digbeth. Huo ndio ubaya uliofanywa kwa ustadi. Netflix ikatoa tamthilia ya maisha yake mwaka huohuo wa 2024, na Chigusa mwenyewe alisaidia kuwafundisha waigizaji mieleka. Kwa wenye roho nyepesi niongeze: Novemba 1986 walirudiana, na mashine ikahamia kichwa cha pili.

2. Mitsuharu Misawa na Jumbo Tsuruta, Budokan, Tokyo, 8 Juni 1990

Aprili 1990 Genichiro Tenryu, namba mbili wa All Japan, aliondoka, na nyuma yake wakafuata wengine. Kampuni ya Giant Baba ikabaki na Jumbo, bingwa mrefu, na vijana ambao hakuna aliyejua kama wataweza.

Mmoja wao alikuwa amevaa barakoa ya Tiger Mask, ileile ya Sayama, aliyoirithi kama koti la kaka. Tarehe 14 Mei, katikati ya pambano, akamgeukia mwenzake Toshiaki Kawada, mdogo wake wa shule ya sekondari, akamwambia afungue kamba. Kawada akafungua. Misawa akaitupa barakoa kwa watazamaji, akaendelea kupigana kwa uso wake. Mexico barakoa huvuliwa kwa sababu umeshindwa. Huyu alijivua, akaweka rehani uso ambao hakuna aliyekuwa ameulipia.

Wiki chache baadaye, Budokan. Inasimuliwa kwamba Baba alisikia watu wanavyoliita jina la Misawa kabla ya pambano, akabadili mawazo kuhusu nani ashinde. Mimi naiamini kwa sababu kelele zile hata kwenye mkanda uliorekodiwa vibaya zinatetemesha spika. Jumbo anampiga kama baba anayekasirishwa na mtoto kumjibu. Misawa anapigwa kiwiko, anarudisha kiwiko, Jumbo anamtazama: wewe? Mimi? Hapo ndipo pambano lilipo, kwenye yale macho ya Jumbo. Mwishoni wanagaragazana, mabega ya huyu chini, mabega ya yule chini, na hesabu inapofika tatu aliye juu ni Misawa. Watu wazima wenye tai wanalia. Dakika 24 na kidogo, na kampuni ikapata miaka kumi ya maisha.

Wanaopenda Juni 1995, siku Kawada alipombana Misawa mabega kwa mara ya kwanza: nimewasikia. Bila 1990 hiyo 1995 mngeipata wapi?

1. Atlantis na Villano III, Arena México, 17 Machi 2000

Barakoa kwa barakoa, na zote mbili zimekaa usoni miaka na miaka.

Mzee Ray Mendoza alikuwa bingwa mkubwa, na alitaka wanawe wasome wawe watu wa ofisini. Wakaenda ulingoni watano, kuanzia Villano wa kwanza hadi wa tano. Baba kapanga, damu kapangua. Wa tatu ndiye aliyekuwa fundi wao, amevaa barakoa tangu 1970. Miaka 30 hakuna shabiki aliyemjua sura. Atlantis, wa buluu na nyeupe, kipenzi cha watoto, alianza 1983.

Sina haja ya kuwahesabia mbinu. Barakoa zilichanika, damu ikaingia kwenye kitambaa cheupe, na kuna wakati wote wawili walikuwa chini na Arena México nzima imesimama, nusu huku, nusu kule. Kila mara mmoja alipobanwa mabega ikafika mbili, mtu mwenye sura alikuwa karibu kuzaliwa. Kisha Atlantis akamnyanyua Villano akamlaza mgongo juu ya mabega yake, akamvuta kichwa na miguu kama anayetaka kumkunja katikati. Villano akakubali.

Kanuni inataka aliyeshindwa afungue kamba, aseme jina lake, alikozaliwa na miaka aliyofanya kazi. Uso ulitoka umejaa damu na makunyanzi, uso wa mtu wa makamo: Arturo Díaz Mendoza. Hakukimbia wala hakujifunika taulo. Watu waliokuja kumzomea wakampigia makofi hadi akashindwa kusema sawasawa. Agosti 2018 alifariki, na magazeti ya Mexico yaliyaandika majina yote mawili.

Ndugu wa kinyozini, najua mnachokuja nacho. Mtauliza Sangre Chicana na MS-1 wa Septemba 1983 wako wapi, Arena México ileile, damu mwanzo hadi mwisho. Mtauliza Santo na Black Shadow wa 1952. Hilo la pili siwezi kulipanga, sijaliona na picha zake za sinema hazipo kwa kutazama. La kwanza mna haki. Mkinibana sana Jumamosi, namtoa Okada.